Mkanda ni wa Nani? Wanawake katika Mieleka ya Kulipwa ya Marekani

Katika mieleka ya kulipwa ya Marekani, mshindi hujulikana kabla kengele haijalia. Mashabiki wanalijua hilo na bado wanakata tiketi. Kisichopangika ni mwili wenyewe: mgongo unaotua juu ya mbao zilizotandikwa godoro jembamba, goti linaloteguka, pua inayovunjika. Na umati nao haupangiki, maana hujiamulia nani wa kushangiliwa na nani wa kuzomewa. Basi ubingwa wa mchezo huu haupimi nguvu peke yake. Unapima imani ya mwenye kampuni kwamba mtu fulani atajaza ukumbi. Wanaume waliaminiwa hivyo tangu mwanzo. Wanawake, kwa miaka inayokaribia 90, wameshindania mambo mawili: mkanda wanaoufunga kiunoni ni mali ya nani, na watapewa dakika ngapi za kuutetea.

Mildred Burke alilikabili swali la kwanza mapema kuliko wengine. Alizaliwa Coffeyville, Kansas, mwaka 1915, na alikuwa bado kijana mwenye mtoto wa kulea alipomng'ang'ania promota Billy Wolfe amfundishe mieleka. Inasimuliwa kwamba Wolfe, akitaka kumkatisha tamaa, alimwambia mwanamume mmoja ambebe na kumbwaga sakafuni. Aliyebwagwa ni yule mwanamume. Burke na Wolfe wakaoana, wakazunguka na maonyesho ya mitaani wakiwachokoza wanaume wa miji midogo: atakayemlaza Burke ndani ya dakika 10 aondoke na dola 25. Januari 1937, huko Chattanooga, Tennessee, alimshinda Clara Mortensen na kuwa bingwa wa dunia. Kwa miaka 17 iliyofuata aliingia ulingoni na joho lenye vito vya kumeta, na watu walilipa kumtazama.

Mkanda ulikuwa wake, biashara ilikuwa ya mumewe. Wolfe ndiye aliyepanga mapambano ya sehemu kubwa ya wanawake waliopigana mieleka nchini humo; alijua nani anacheza wapi, na fungu la mapato lilipitia mkononi mwake kwanza. Walipotalikiana mwaka 1952, Burke aligundua kwamba bingwa asiye na promota ni mtu mwenye pambo la gharama. Chama cha mapromota, NWA, kilikuwa cha wanaume watupu na hakikuwa na haja ya kumpokea mwanamke. Wolfe akamwinua mpinzani mpya, June Byers, ambaye alikuwa mke wa mwanawe.

Tarehe 20 Agosti 1954 wanawake hao wawili walikutana Atlanta, na safari hiyo hakukuwa na matokeo yaliyoafikiwa. Walipigana kwelikweli. Kanuni ilitaka mmoja amwangushe mwenzake mara mbili katika tatu. Byers alipata mwangusho wa kwanza. Wa pili ukavutana bila mwisho mpaka maofisa wakasimamisha pambano. Kwa kanuni hiyo Burke hakuwa amepoteza kitu. Lakini waliokuwa na simu na anwani za magazeti walikuwa upande wa pili, na habari iliyosambaa ni kwamba Byers ndiye bingwa.

Miezi michache baadaye, Novemba 1954, Burke aliongoza kikundi cha wapiganaji wa kike kwenda Japani, na kwa kweli hapo ndipo urithi wake ulipoota mizizi. Ubingwa alioubuni mwenyewe chini ya jina la WWWA ukaja kuwa mkanda mkuu wa kampuni ya All Japan Women's, iliyoanzishwa mwaka 1968. Huko wanawake walijaza kumbi wakiwa wao wenyewe ndio onyesho zima, wala si kipumziko kati ya mapambano ya wanaume. Miaka ya 1980 wasichana wa shule wa Kijapani walilia kwa machozi wakiwashangilia Chigusa Nagayo na Lioness Asuka. Marekani iliuza mbegu, kisha ikarudi mara kwa mara kununua mazao: Bull Nakano, Jumping Bomb Angels, na katika karne hii Asuka (si yule Lioness) na Iyo Sky.

Kundi jingine la enzi ya Wolfe lilisahauliwa zaidi. Babs Wingo, Ethel Johnson na Marva Scott walikuwa ndugu watatu weusi waliopigana katika miaka ya 1950, ikiwemo miji ya Kusini ambako mashabiki weusi walitengewa viti vyao. WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya leo, ilimwingiza Ethel Johnson katika orodha yake ya magwiji mwaka 2021. Alikuwa ameshafariki miaka mitatu kabla.

Baada ya Byers alikuja mtu aliyeelewa somo la Burke kuliko Burke mwenyewe. Lillian Ellison wa South Carolina, aliyejulikana kwa jina la Fabulous Moolah, alitwaa taji huko Baltimore mwaka 1956, kisha akahakikisha kwamba anamiliki kila kitu: mkanda, shule ya mafunzo nyumbani kwake Columbia, na wasichana waliotoka katika shule hiyo. Promota aliyetaka pambano la wanawake alimpigia Moolah, naye akampelekea wawili. Kila mmoja wao alimwachia Moolah sehemu ya ujira. Jimbo la New York lilipoondoa marufuku ya mieleka ya wanawake mwaka 1972, ni yeye aliyepigana Madison Square Garden.

WWE ilitangaza kwa miaka mingi kwamba Moolah alikaa na taji kwa miaka 28 mfululizo. Hesabu hiyo ina matundu. Bette Boucher alimpokonya mwaka 1966, Yukiko Tomoe huko Japani mwaka 1968, Sue Green mwaka 1976. Kila mara mkanda ulimrudia upesi na kumbukumbu zikafutwa. Hata hivyo, tatizo kubwa la utawala wake si tarehe. Kwa kuwa bingwa ndiye aliyekuwa mwalimu, wakala na mwajiri wa wapinzani wake, hakuwa na sababu ya kumwacha yeyote ang'are kumpita. Mtindo wa kupigana ukaganda: kuvutana nywele, kurushana juu ya goti, basi. Wakati wasichana wa Tokyo wakiruka kutoka juu ya nguzo za ulingo, mieleka ya wanawake Marekani ilikuwa ile ile ya miaka ya 1950.

Baada ya kifo chake mwaka 2007 mambo mazito zaidi yalizidi kusemwa. Baadhi ya waliofundishwa naye walimtuhumu kwa kuwanyonya kifedha na hata kuwatoa kwa mapromota kama sehemu ya mapatano; wengine walimtetea vikali. Machi 2018 WWE ilitangaza pambano la kumuenzi katika WrestleMania ya 34, onyesho lake kuu la mwaka. Mashabiki walikuja juu, wakamfuata mdhamini, watengenezaji wa Snickers, na ndani ya siku chache jina la Moolah likaondolewa. Kumwita mwasisi ni haki yake. Kumwita mlezi wa wanawake wa mieleka ni kuwatukana waliomlipa asilimia.

Moolah aliuza ubingwa wake kwa kampuni ya Vince McMahon, ambayo leo ndiyo WWE, na mnunuzi akautumia haraka. Tarehe 23 Julai 1984, katika onyesho lililorushwa na MTV kutoka Madison Square Garden, Wendi Richter alimshinda Moolah huku mwanamuziki Cyndi Lauper akiwa kando ya ulingo upande wake. Pambano la wanawake ndilo lililokuwa chambo cha usiku huo, na ndilo lililofungua ndoa ya mieleka na muziki wa vijana iliyozaa WrestleMania ya kwanza mwaka uliofuata. Jina linalotajwa zaidi katika simulizi ya enzi hiyo ni Hulk Hogan, na hakuna anayebisha ukubwa wake. Ila mlango wa MTV ulifunguliwa na wanawake.

Richter aliona hivyo pia, akadai alipwe inavyostahili. Tarehe 25 Novemba 1985 alipangiwa kuutetea mkanda dhidi ya mpinzani aliyefunika uso, akiitwa The Spider. Katikati ya pambano mpinzani alimkunja. Richter akanyanyua bega mapema, refa akaendelea kuhesabu hadi tatu. Alipoirarua ile barakoa alimkuta Moolah. Richter aliondoka ukumbini na mavazi yake ya ulingoni, akachukua teksi kwenda uwanja wa ndege, na hakurudi katika kampuni hiyo mpaka alipoingizwa katika orodha ya magwiji mwaka 2010. Shabiki yeyote wa mieleka atakusimulia jinsi Bret Hart alivyoibiwa mkanda wake Montreal mwaka 1997. Wizi uliotangulia, uliofanywa na kampuni ile ile kwa mbinu ile ile miaka 12 nyuma, wengi hawaujui.

Kisha kikaja kiangazi kirefu. Mkanda wa wanawake ulikaa bila matumizi miaka kadhaa mpaka Debrah Miceli, aliyejifua Japani na kupewa jina la Alundra Blayze, alipoutwaa Desemba 1993. Aliomba apewe wapinzani wa maana, wakaletwa kina Bull Nakano, na kwa muda mfupi Marekani ikaonja mieleka ya wanawake ya kiwango cha Tokyo. Kampuni ilipobana matumizi ilimwacha, lakini ikasahau kuuchukua mkanda. Tarehe 18 Desemba 1995 Miceli alitokea kwenye televisheni ya wapinzani, WCW, akautupa katika pipa la taka mbele ya kamera. McMahon alifuta ubingwa huo kwa takriban miaka mitatu. Yaani kitendo cha mwajiriwa mmoja aliyeachwa kilitosha kufunga kazi ya wanawake wote. Hakuna mkanda wa wanaume ambao ungeweza kufa kirahisi namna hiyo.

Ulipofufuliwa Septemba 1998, mshindi alikuwa Jacqueline Moore, mwanamke mweusi wa kwanza kuushika. Lakini zile ndizo zama ambazo wanawake walipigana kuvuana nguo, ndani ya matope au mchuzi, kwa dakika mbili tatu. Sable, kivutio kikubwa kuliko wote, aliishtaki kampuni mwaka 1999 akidai fidia ya dola milioni 110 kwa unyanyasaji wa kijinsia na mazingira hatari ya kazi. Wakamalizana nje ya mahakama. Mwaka huo huo, Oktoba, Chyna alimshinda Jeff Jarrett na kuwa mwanamke wa kwanza kushika ubingwa wa Intercontinental, mkanda wa wanaume. Misuli yake ilitisha, na ilikuwa ya kweli. Kwa kuwa hakufanana na kiolezo chochote, kampuni haikujua imfanyie nini akishamaliza kushangaza watu.

Trish Stratus aliajiriwa kwa sababu ya picha zake kwenye majarida ya mazoezi. Mwaka 2001 aliamriwa kwenye televisheni abweke kama mbwa akiwa amepiga magoti mbele ya McMahon. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2004, yeye na mpinzani wake Lita walifunga kipindi cha Raw kama pambano kuu, na Lita akatwaa mkanda kwa kuruka kutoka kamba ya juu. Kati ya matukio hayo mawili kuna mazoezi ya miaka ambayo hayakuonyeshwa, mengi chini ya mwanamieleka mkongwe Fit Finlay, aliyewafundisha wanawake kama wapiganaji. Mwaka huo huo wa 2004 Molly Holly, akihofia kukosa nafasi kwenye WrestleMania ya 20, alijitolea mwenyewe kunyolewa kipara akishindwa. Akashindwa, akanyolewa. Mtu anayetoa nywele zake zote ili apate dakika chache za kufanya kazi aliyoajiriwa kuifanya anaeleza hali ya ajira ile kuliko takwimu yoyote.

Kampuni yenyewe haikusoma alama hizo. Mwaka 2008 ilileta mkanda wa pili, wa Divas (jina ililowaita wanawake wake), wenye umbo la kipepeo, na mwaka 2010 ikauzika ule wa asili. Ufundi ukahamia kwingine: kwenye kumbi ndogo za SHIMMER huko Berwyn, Illinois, kampuni ya wanawake watupu iliyoanza mwaka 2005, na kwenye kampuni ya TNA, ambako Gail Kim na Awesome Kong walipigana mwaka 2007 na 2008 mapambano mazito kupita yote yaliyokuwa kwa McMahon. Gail Kim alirudi WWE baadaye, akachoka. Agosti 2011, katika pambano la wengi, alijitoa mwenyewe juu ya kamba na kuondoka, watangazaji hawakugundua.

Mwaka 2015 ndio unaotajwa kama mapinduzi. Tarehe 23 Februari, Raw iliwapa wanawake wanne pambano la nusu dakika hivi ndani ya kipindi cha saa tatu. Mashabiki wakafurika mitandaoni wakidai wanawake wapewe nafasi. Bingwa wa zamani AJ Lee, bado akiwa mwajiriwa, akamkumbusha hadharani Stephanie McMahon, binti wa mwenye kampuni, kwamba wanawake wanauza bidhaa kwa rekodi na kulipwa sehemu ndogo ya wanavyolipwa wanaume. Mwezi Julai Stephanie aliwapandisha Charlotte Flair, Becky Lynch na Sasha Banks mbele ya kamera, na simulizi rasmi ikawa kwamba familia ya McMahon imewafungulia wanawake mlango.

Simulizi hiyo imewaruka watu. Sara Amato, aliyekuwa bingwa wa kwanza wa SHIMMER kwa jina la Sara Del Rey, aliajiriwa mwaka 2012 kuwafundisha chipukizi wa NXT, tawi la mafunzo la WWE huko Florida. Wanawake alioshiriki kuwafua ndio waliobadilisha hesabu. Agosti 2015, Brooklyn, Bayley na Sasha Banks walipigana pambano ambalo wengi wanaliweka juu ya mapambano yote ya usiku ule, wanaume wakiwemo. Oktoba wakarudiana kwa dakika 30 kamili, wakiwa ndio pambano kuu. Mwaka mmoja, kampuni moja: kutoka nusu dakika hadi nusu saa. Na nje ya ulingo kulikuwa na Ronda Rousey, aliyekuwa akiuza tiketi za UFC, kampuni ya mapigano yasiyopangwa, kuliko wanaume wengi. Bila ushahidi huo wa pesa, sauti za mitandaoni zingeweza kupuuzwa kama zilivyopuuzwa za kabla yake.

Aprili 2016 jina la Divas lilitupwa na mkanda mpya ukaletwa. Oktoba mwaka huo Charlotte na Banks walifunga onyesho ndani ya kizimba cha Hell in a Cell huko Boston. Januari 2018 ikaja Royal Rumble ya kwanza ya wanawake, Asuka akashinda. Tarehe 28 Oktoba 2018 WWE ilifanya Evolution, onyesho la wanawake pekee, huko Uniondale, New York. Siku tano baadaye msafara ulikuwa Riyadh kwa onyesho ambalo hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kupigana, chini ya mkataba mnono wa Saudi Arabia. Ukaribu wa tarehe hizo ulizungumza. Nchi nyingine ya Ghuba ilikuwa imetangulia: Desemba 2017 Banks na Alexa Bliss walipigana Abu Dhabi. Riyadh ilifuata tarehe 31 Oktoba 2019, Natalya dhidi ya Lacey Evans, miili imefunikwa hadi vifundo vya mikono. Mei 2023 huko Jeddah, Asuka alimpokonya Bianca Belair taji bila mtu kuliita hilo ajabu.

Becky Lynch, Mwairishi, anaonyesha vizuri kuliko wote jinsi umati unavyoweza kumshinda mwandishi wa hadithi. Mwaka 2018 alipangiwa kuwa mbaya. Mashabiki wakakataa, wakamshangilia. Novemba mwaka huo alipigwa ngumi halisi ya pua, akasimama juu ya ngazi za ukumbi uso umetapakaa damu, na picha ile ikafanya kazi ambayo hakuna mpango ungeifanya. Tarehe 7 Aprili 2019, mbele ya watu ambao kampuni iliwahesabu kuwa 82,265, alimlaza Rousey, aliyekuwa amehamia WWE, katika pambano la watu watatu lililofunga WrestleMania ya 35, la kwanza la wanawake kufunga onyesho hilo. Umaliziaji ulivurugika, na bega la Rousey lilionekana kuinuka. Haikuwapunguzia watu furaha.

Miaka miwili baadaye, Tampa, Belair na Banks wakafunga usiku wa kwanza wa WrestleMania ya 37, wanawake wawili weusi. Belair, mkimbiaji wa zamani wa kuruka viunzi wa Chuo Kikuu cha Tennessee anayejishonea mavazi yake ya ulingoni, aliangua kilio kabla hata ya kengele. Akashinda. Agosti mwaka ule ule, katika onyesho la SummerSlam, Lynch alirejea kutoka uzazi na kumpokonya taji kwa sekunde 26. Belair alilipiza baadaye kwa utawala wa siku 420, lakini zile sekunde 26 zilikumbusha kwamba dakika zilizopatikana hazijawekwa benki. Na hadi WrestleMania ya 41, mwaka 2025, hakuna wanawake wengine waliofunga usiku wowote wa onyesho hilo.

Tarehe 16 Mei 2022 Sasha Banks na Naomi, mabingwa wa wawili wawili, hawakukubaliana na mipango ya usiku ule wa Raw. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, waliiacha mikanda juu ya meza ya mkuu wa kitengo cha wapiganaji, wakaondoka. Walisimamishwa kazi na kukemewa na watangazaji hewani. Mwaka 1985 hilo lingekuwa mwisho wao. Lakini sasa kuna soko: Banks akawa Mercedes Moné, akatwaa ubingwa katika kampuni ya New Japan mapema 2023, akahamia kampuni ya AEW mwaka 2024, na kufikia mwaka 2025 alikuwa akishikilia kwa pamoja zaidi ya mikanda 10 ya kampuni za nchi mbalimbali, akimpita Último Dragón, mwanamume aliyekuwa na rekodi ya mikanda 10.

McMahon naye aliondoka Januari 2024 baada ya aliyekuwa mfanyakazi wake kumshtaki kwa madai ya unyanyasaji wa kingono, madai anayoyakanusha. Kuondoka kwake hakukubadili mikataba. Wanamieleka wa WWE, wanawake kwa wanaume, bado wanahesabiwa kuwa wakandarasi huru, hawana chama cha wafanyakazi. Evolution ya pili ilichukua karibu miaka saba kufika, Julai 2025 huko Atlanta, na ilibanwa katika wikiendi moja na maonyesho mengine mawili makubwa.

Naomi, aliyekwisha kurudi WWE, aliingia katikati ya pambano kuu la usiku huo na kuondoka na mkanda wa dunia. Wiki tano baadaye aliurudisha mbele ya kamera: alikuwa mjamzito. Lynch alifanya vivyo hivyo mwaka 2020 na akapokelewa tena kileleni. Mkanda ulioachwa wazi ulishindaniwa Septemba na Iyo Sky wa Japani na Stephanie Vaquer, raia wa Chile aliyeivishwa na kumbi za Mexico. Vaquer ndiye aliyeondoka nao.